Shajara ya Kiswahili: Njia ya Kukua na Kujuana kwa Kalamu



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii huelekezwa kwa wafanyabiashara wasioandika walichouza na walichokopesha. Sisi tunaitumia leo kwa mali ya namna nyingine: siku za maisha ya mtu, na maneno ambayo mwanafunzi wa Kiswahili huyaokota kila siku kisha yakampotea kwa kukosa pa kuyaweka.

Makala haya yanaeleza jambo dogo ambalo mwalimu yeyote na mwanafunzi yeyote anaweza kulifanya. Jambo hilo ni kuweka shajara kwa Kiswahili, yaani kuandika mistari michache kila siku kuhusu maisha yako mwenyewe, na kumpa mtu mmoja unayemwamini aisome na akujibu. Tutajaribu kuonyesha kwamba faida yake haiishii kwenye sarufi. Anayeandika hukua, na anayesomwa na kujibiwa hupata wenzake ndani ya lugha.

Kwa nini tunalizungumza hapa Uganda

Kila nchi ina historia yake na Kiswahili, na ya kwetu haikuwa nyepesi. Kwa miaka mingi wananchi wengi wa Uganda walikijua Kiswahili kama lugha ya jeshi na polisi, tangu enzi za King's African Rifles. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri. Wazee wetu wengi waliopita katika miaka ile wanakikumbuka Kiswahili kwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani: simama, shuka, toa kitambulisho. Mtoto aliyekulia katika nyumba yenye kumbukumbu hizo huja darasani akiwa na masikio yaliyokwisha kufundishwa kuiogopa lugha.

Tangu hapo mambo mengi yamebadilika. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Jirani zetu wa Rwanda walikifanya lugha rasmi mwaka 2017. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Julai 2022 Baraza letu la Mawaziri likaidhinisha hatua za kukiimarisha Kiswahili kama lugha rasmi. Haya yote tunayapokea kwa furaha. Hata hivyo, walimu tunajua kwamba tangazo la serikali huipa lugha nafasi ofisini na katika ratiba ya masomo, lakini haliwezi kuiingiza katika moyo wa mtu.

Matokeo yake tunayaona kila muhula. Mwanafunzi wetu anaweza kueleza ngeli zote, anaweza kuchambua riwaya, na katika mtihani anapata alama nzuri. Lakini akifiwa, huomboleza kwa Kiganda, Kinyankole au Kiacholi. Akifurahi, humwandikia rafiki yake kwa Kiingereza. Kiswahili hukivaa darasani kama sare, na kipindi kikiisha hukivua. Mtu wa namna hii akihitimu na kwenda kufundisha, atafundisha lugha ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuishi ndani yake. Hilo ndilo tatizo ambalo shajara inaweza kulipunguza.

Shajara ni nini?

Neno shajara lina asili ya Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni mti. Katika Kiswahili limetumika kwa maana ya nasaba, yaani mpangilio wa ukoo unaotawanyika kama matawi, na pia kwa maana ya daftari la kuandikia mambo ya kila siku. Maana hizi mbili zinakaa vizuri pamoja. Anayeandika siku zake anaweka matawi yake wazi ili ajue ametoka wapi na anaelekea wapi.

Wapo wanaodhani kuwa kuandika habari za nafsi ni desturi ya kigeni. Historia ya maandishi yetu inasema vingine. Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake ya Kiswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 pamoja na ya wasafiri wengine. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na maelezo hayo yalianza kuchapishwa mwaka 1902. Shaaban Robert aliandika wasifu wake mwenyewe, na zaidi ya hapo alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua kuanzia mwaka 1931 hadi 1958. Barua hizo zilitolewa kuwa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Miaka 27 ya barua kwa msomaji mmoja! Tunapomwona Shaaban Robert katika vitabu vya kiada tunaona mshairi aliyekamilika. Katika barua tunakutana na mtu na ndugu yake.

Wala si lazima mwandishi awe mtu mashuhuri, au Kiswahili chake kiwe kile cha pwani. Mwaka 1965 huko Kongo, André Yav alikusanya historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kama ilivyojulikana na watumishi wa nyumbani waliowahudumia Wazungu. Waliandika kwa Kiswahili chao cha Katanga, bila kusubiri mtu awasahihishie. Maandishi hayo yalichapishwa upya na Johannes Fabian mwaka 1990, na leo wanahistoria wanayasoma kwa sababu hakuna mtu mwingine angeweza kuyaandika.

Nasi hapa Uganda tusijione wageni. Mganda husema ekitabo, ekkalaamu na ebbaluwa. Mswahili husema kitabu, kalamu na barua. Maneno haya yalifika Buganda katika karne ya 19 pamoja na watu wa pwani. Vyombo vyenyewe vya kuandikia tayari vimetuunganisha na Kiswahili, hata kabla hatujaandika sentensi ya kwanza.

Kinachotokea mtu anapoandika

Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya na wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu, na wengine waliandika juu ya jambo zito lililowahi kuwaumiza. Walioandika jambo zito pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni siku hizo, lakini katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Utafiti huu umefuatwa na mwingine mwingi, na matokeo hayafanani kila mahali. Hatudai kwamba kalamu ni dawa. Tunachokichukua ni hiki: jambo likiwa kichwani tu huzunguka pale pale, lakini mtu anapolipanga kwa sentensi hulazimika kulipa mwanzo, sababu na mwisho. Analitazama kutoka nje kidogo.

Kwa mwanafunzi wa lugha kuna jambo la pili. Mwaka 1985 Merrill Swain aliandika kuhusu wanafunzi wa Kanada waliosoma masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa. Walikuwa wanaelewa vizuri sana, lakini kusema na kuandika kwao kulikuwa na mapengo. Swain alieleza kwamba kusikia na kusoma havitoshi. Ni pale mtu anapojaribu kutoa lugha ndipo anapogundua asichokijua.

Hebu tuutazame ukweli huu katika Kiswahili. Vitabu vingi humfundisha mwanafunzi maamkizi, sokoni, hotelini na hospitalini. Kisha jioni anafungua daftari na kutaka kuandika kwamba amechoka. Anaandika "nimechoka", na anaona halitoshi, kwa sababu hajachoka kwa kazi. Kuna mtu aliyemchosha. Hapo anahitaji "nimechoshwa". Kauli ya kutendeshwa, ambayo darasani ilikuwa jedwali la viambishi, sasa ni chombo anachokitafuta mwenyewe kwa kuwa bila hicho hawezi kusema lililompata.

Ndivyo ilivyo pia kwa nyakati. Mtu akisimulia siku yake hawezi kuikwepa "-ka-": niliamka, nikaoga, nikakimbilia taksi, nikaikosa. Akieleza mazoea yake atahitaji "hu-". Akijuta atakutana na "-nge-" na "-ngali-": ningalitoka mapema, nisingalichelewa. Majuto ni mwalimu mzuri wa sentensi za masharti, kwa kuwa kila mtu anayo.

Msamiati wa nafsi nao hupanuka. Mwanafunzi anayeanza huwa na maneno mawili, furaha na huzuni. Baada ya wiki chache za kuandika anaanza kuuliza. Wasiwasi na hofu ni kitu kimoja? Mtu mwenye haya ni sawa na mwenye aibu? Upweke unatofautianaje na ukiwa? Kinyongo ni hasira ya namna gani? Haya si maswali ya mtihani. Ni maswali ya mtu anayejichunguza, na Kiswahili ndicho kioo anachokitumia. Tunaposema kwamba shajara humkuza mtu, hili ndilo tunalomaanisha: kwa kutafuta jina la hisia yake, anaijua hisia yenyewe.

Msomaji anayejibu

Shajara ya siri kabisa ina faida zake, na hatuipingi. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha tunapendekeza shajara ya mazungumzo, ambayo ina msomaji mmoja anayejibu kwa maandishi. Mbinu hii ilipata sifa kutokana na kazi ya Leslee Reed, mwalimu wa darasa la sita katika jiji la Los Angeles, Marekani. Alikuwa na desturi ya kuandikiana na kila mwanafunzi wake katika daftari, wakiwemo watoto wa wahamiaji waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Watafiti Jana Staton, Roger Shuy na Joy Kreeft Peyton waliyachunguza madaftari hayo na kutoa kitabu mwaka 1988 pamoja na Reed mwenyewe. Walionyesha kwamba katika maandishi yale mwanafunzi aliuliza, alilalamika, aliomba radhi na kutoa ahadi. Haya ni matendo ya lugha ambayo ni nadra kuyapata katika kazi ya darasani, ambako kwa kawaida mwalimu ndiye anayeuliza na mwanafunzi ndiye anayejibu.

Mfano ufuatao tumeutunga sisi wenyewe, kwa sababu shajara halisi ni amana ya mwenyewe na haifai kuchapishwa. Hata hivyo, mwalimu yeyote wa Kampala ataitambua sauti hii:

"Leo sikulala vizuri. Chumba yetu iko na watu wanne na umeme ilikatika. Nilitaka kusoma mtihani lakini nilishindwa. Mama alipiga simu, alisema mahindi ilikauka yote. Sijui kama karo ya muhula ijayo itapatikana."

Mwalimu anaweza kuchukua kalamu nyekundu, akazungushia makosa manne ya upatanisho wa kisarufi na kuandika "Rudia ngeli". Atakuwa amesema kweli. Lakini mwanafunzi aliyetaja karo na mahindi yaliyokauka, akajibiwa kwa ngeli, hatataja tena jambo la maana. Wiki ijayo ataandika kwamba aliamka, akanywa chai na kwenda darasani. Sarufi yake itakuwa safi na daftari litakuwa limekufa.

Sasa tazama jibu la namna ya pili:

"Pole sana kwa usiku huo. Umeme ulipokatika nami nilikuwa nasahihisha kazi zenu, nikalazimika kulala mapema. Ikiwa chumba chenu kina watu wanne, je, mna zamu ya kusoma? Nimesikitika kusikia kuhusu mahindi yaliyokauka. Nyumbani ni wapi, na wengine kijijini wamevuna? Kuhusu karo ya muhula ujao, njoo ofisini Alhamisi tuzungumze kabla mambo hayajawa mazito."

Ndani ya jibu hili mwanafunzi ameonyeshwa "chumba chenu kina", "umeme ulipokatika", "mahindi yaliyokauka" na "muhula ujao". Makosa yote manne yamepata umbo sahihi, na hakuna hata moja lililotajwa. Zaidi ya hayo, amepata mtu aliyemsikia. Atasoma jibu hilo mara mbili au tatu, jambo ambalo wanafunzi hawalifanyi kwa alama za wino mwekundu, na atakapojibu maswali atalazimika kuyatumia maumbo yale yale. Mwalimu naye amejua kwamba kiti fulani darasani kinaweza kuwa kitupu muhula unaofuata, na amejua mapema.

Je, makosa yaachwe?

Swali hili huulizwa kila tunapolizungumza jambo hili, na ni swali la haki. Mwaka 1996 John Truscott alichapisha makala akidai kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii, tena kunaweza kudhuru, hivyo kuachwe. Mwaka 1999 Dana Ferris alimjibu kwamba hitimisho hilo lilikuwa la haraka mno, na kwamba masahihisho yaliyochaguliwa kwa uangalifu na kuelezwa waziwazi yanaweza kuwasaidia baadhi ya wanafunzi. Mjadala huo haujafungwa.

Sisi hatusemi kwamba masahihisho yafutwe. Tunasema yawe na mahali pake. Insha ni mahali pa masahihisho. Shajara ni mahali pa mazungumzo. Mwalimu akisoma madaftari aandike pembeni, katika karatasi yake mwenyewe, makosa yanayojirudia kwa wengi. Wakionekana wengi wanaandika "kitabu yangu", hilo ni somo la dakika 20 kwa darasa zima, kwa mifano mipya isiyomfichua mtu. Wakionekana wengi wanaandika "mutoto" na "mukate", hapo kuna nafasi ya kuzungumza juu ya Kiganda, ambacho kiambishi chake cha ngeli hii ni "omu-", na juu ya Kiswahili cha Kongo, ambako "mutoto" ni matamshi ya kawaida. Mwanafunzi ataelewa kwamba hakukosea kwa ujinga. Amebeba lugha yake akaingia nayo katika lugha jirani.

Kuna makosa mengine ambayo ni mlango wa somo zuri. Mganda anaweza kuandika "nilisanyika kuona rafiki yangu" akikusudia kwamba alifurahi, kwa kuwa katika Kiganda "okusanyuka" ni kufurahi. Katika Kiswahili neno lililo karibu nalo ni "kukusanyika". Akielezwa hivyo atacheka, na hatalisahau tena.

Amana na mipaka yake

Mtu akikupa shajara yake amekupa amana. Kwa hiyo masharti yajulikane siku ya kwanza. Daftari halitasomwa mbele ya darasa. Halitaonyeshwa mwalimu mwingine. Halitapewa alama kwa yaliyomo. Likihesabiwa, lihesabiwe kwa kuandikwa mara kwa mara tu. Mwanafunzi ana haki ya kukunja ukurasa asioutaka usomwe, na mwalimu ataupita bila kuuliza. Tena asilazimishwe kuandika juu ya machungu. Aandike kuhusu mpira wa miguu, mapishi au safari ya boda-boda akitaka.

Sharti moja lina mwiko wake, nalo lisemwe waziwazi tangu mwanzo. Iwapo mwanafunzi ataandika jambo linaloonyesha kwamba uhai au usalama wake uko hatarini, mwalimu hatakaa kimya. Atazungumza naye kwanza, kisha watakwenda pamoja kwa mshauri wa wanafunzi. Mwalimu wa lugha si tabibu wa nafsi, na asijifanye kuwa. Kazi yake ni kusikia, na kumfikisha mwenye shida kwa mwenye uwezo wa kumsaidia.

Namna ya kuanza

Kwa walimu ambao wangependa kujaribu muhula ujao, tunapendekeza hatua hizi:

1. Kila mwanafunzi awe na daftari la kurasa 96 la peke yake, lisilochanganywa na maelezo ya darasani.

2. Dakika kumi za kuandika zitengwe ndani ya kipindi mara mbili kwa wiki. Siku mbili nyingine mwanafunzi aandike kwa wakati wake. Mwalimu naye aandike darasani wakati wanafunzi wanaandika. Wakimwona anafikiri na kufuta, wataacha kuona haya kufuta.

3. Neno la Kiswahili likikosekana, mwanafunzi aliandike kwa lugha yake na kulipigia mstari, kisha aendelee. Baadaye atalitafuta katika kamusi, au atamwuliza msomaji wake. Kuuliza si ujinga.

4. Mwalimu ajibu kwa mistari mitatu hadi mitano, na kila jibu liwe na swali moja la kweli, yaani swali ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake.

5. Mwisho wa muhula kila mwanafunzi asome daftari lake tangu ukurasa wa kwanza, aandike ukurasa mmoja kuhusu alichokiona kimebadilika, katika lugha na katika nafsi yake.

Hesabu yake si ya kutisha. Mwanafunzi akiandika maneno 80 kwa siku, siku nne kwa wiki, kwa muhula wa wiki 15, atakuwa ameandika maneno 4,800. Insha mbili za maneno 400 zingempa maneno 800 tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa upande wa mwalimu, wanafunzi 40 kwa dakika tatu kila mmoja ni saa mbili. Akisoma nusu ya darasa kila wiki, ni saa moja. Tunajua kwamba wengi wetu tuna madarasa ya watu 90 na zaidi. Hapo dawa ni mwenza wa shajara: wanafunzi waandikiane wawili wawili kila wiki, na mwalimu apokee theluthi moja ya madaftari kwa zamu. Wenza wachaguane wenyewe, kwa kuwa imani haipangwi na mwalimu, na kila mmoja awe na ruhusa ya kubadilisha mwenza bila kutoa sababu.

Kujuana ng'ambo ya darasa

Wenza hawa wawili ni mwanzo wa jambo kubwa zaidi. Wanafunzi wetu wanatoka Arua, Mbarara, Soroti, Gulu na Masaka. Wanaweza kukaa dawati moja miaka mitatu bila kujuana zaidi ya jina. Kwa Kiingereza wanazungumza masomo, na kila mmoja akitaka kusema la moyoni huirudia lugha ya kwao ambayo jirani yake haielewi. Wakiandikiana kwa Kiswahili, kila mmoja ametoka hatua moja nje ya kwao, na wamekutana katikati. Hakuna mwenyeji wa kumcheka mgeni. Wote wawili wanatafuta maneno, na katika kutafuta huko wanasaidiana.

Idara za nchi mbili zikikubaliana, desturi hii inaweza kuvuka mpaka. Mwanafunzi wa Uganda na wa Rwanda, Burundi au Kongo wanaweza kuandikiana ukurasa mmoja kila mwezi juu ya maisha ya chuo, chakula cha kwao, au jinsi wazee wao wanavyokikumbuka Kiswahili. Huyu wa kwetu atashangaa kukuta kwamba mwenzake ana hadithi nyingine kabisa: kwa mmoja Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, kwa mwingine lugha ya soko la mjini, kwa mwingine lugha ya ibada au ya jikoni kwa mama. Jumuiya ya Afrika Mashariki huzungumzwa sana katika mikutano. Wanafunzi wawili wanaojua kwamba mama wa mmoja amepoteza mahindi yake, na kwamba mwingine anasubiri ndugu arudi kutoka safarini, wameianza kwa namna yao.

Hitimisho

Tumejaribu kueleza kwamba shajara ya Kiswahili ni zoezi la sarufi, la msamiati na la nyakati, na wakati huo huo ni zoezi la utu. Humfundisha mwanafunzi kuitazama siku yake, kulitafuta jina la hisia yake, na kumwamini msomaji mmoja. Humfundisha mwalimu kwamba nyuma ya "umeme ilikatika" kuna mtu aliyekaa gizani akiwa na mtihani kesho yake.

Haihitaji fedha nyingi wala mitambo. Inahitaji daftari, kalamu, dakika kumi, na mtu aliye tayari kujibu. Wanafunzi wapendwa, msisubiri kuagizwa. Tafuta mwenza na uanze leo usiku kwa sentensi tatu. Walimu wenzetu, mtakaolijaribu jambo hili katika vyuo na shule zenu, tuandikieni mtueleze lililofaa na lililoshindikana, bila kutaja majina ya wanafunzi, ili tuyajadili katika kurasa hizi.

Tunawatakia uandishi mwema.